Meli Ikisimama Koblenz: Mwongozo Kamili wa Kuona Ngome za Mto Rhine Bila Kuachwa Gatini

Wasomaji wanaoshuka melini Koblenz wananiandikia jambo lile lile. Walikuwa na saa sita au saba za kukaa mjini, wakakimbilia ngome mbili tatu, na siku ikaisha wameambulia picha za kuta kwa nje, foleni za tiketi na mbio za kurudi gatini roho mkononi. Wengine walifika mlangoni mwa ngome ya Marksburg wakakuta ziara imeshaanza, na inayofuata inagongana na saa ya meli kuondoka.

Mwongozo huu unahusu kituo hicho kimoja: Koblenz, Ujerumani, mahali Mto Mosel unapoingia Mto Rhine. Kutoka hapa kupanda mto hadi Bingen na Rüdesheim ni kama kilomita 65, na katika kipande hicho kuna ngome zipatazo 40. Bonde lote limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2002. Hakuna anayelimaliza kwa siku moja. Msimamo wangu, na nitaushikilia hadi mwisho, ni kwamba uingie ngome moja tu na uione vyumba kwa vyumba. Zilizobaki utaziona vizuri zaidi ukiwa umekaa kwenye sitaha ya meli.

## Utakachohitaji

Tuanze na karatasi, maana hizo haziwezi kutafutwa siku ya safari.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaihitaji, hata kama anaishi Uingereza. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na lazima uwe na bima ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Njia maarufu ya meli kati ya Amsterdam na Basel hupita Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi; zote zimo Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Ombi lipeleke ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, lipeleke nchi utakayoingia kwanza. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaomba ubalozi wa nchi ambako tiketi ya ndege inatua, hali siku nyingi meli itakuwa Ujerumani.

Nakala ya pasipoti. Meli nyingi za mtoni huiweka pasipoti yako mapokezi. Beba fotokopi ya ukurasa wa picha na wa viza, na picha yake kwenye simu.

Kwa siku yenyewe:

- Raba au viatu vyenye soli inayoshika. Ndani ya Marksburg utakanyaga mwamba mtupu, na mvua ikinyesha unateleza.
- Begi dogo la mgongoni. Ngazi za mzunguko za minarani ni nyembamba, na begi kubwa litakukwamisha wewe na walio nyuma yako.
- Koti jepesi la mvua, hata mwezi wa saba. Mwavuli hauna kazi kwenye ngazi.
- Yuro taslimu, zikiwemo sarafu. Vyoo vingi vya umma hulipiwa, na maduka madogo mengine hayapokei kadi.
- Simu iliyojaa chaji, pawabenki, na programu ya DB Navigator ya kuangalia treni.
- Kadi ya chumba chako melini na karatasi ya ratiba ya siku yenye namba ya simu ya meli.
- Dawa zako za siku nzima, si za asubuhi peke yake.
- Maji na kitu cha kula. Kama unakula halali tu, usitegemee kupata chakula Braubach, mji mdogo ulio chini ya Marksburg. Kifungashe kabla ya kutoka.

## Hatua ya 1: Isome ratiba ya meli kwa saa za Kizungu

Hili linaonekana dogo, lakini limewaponza watu. Ubao wa meli huandika 08:00, 13:30, 15:00. Sisi tuliozoea kuhesabu kutoka alfajiri tukiona 13:30 tunapaswa kusema saa saba na nusu mchana. Mkiwa kundi, kubalianeni mapema mtatumia hesabu ipi. Ukimwambia shangazi "tukutane saa tatu" naye akili yake iko kwenye ubao wa meli, atakusubiri saa tisa alasiri.

Angalia pia kwamba kuna saa mbili tofauti. Moja ni ya meli kung'oa nanga. Nyingine, ambayo mara nyingi iko nusu saa kabla, ni ya abiria wote kuwa ndani. Yako wewe ni hiyo ya pili. Kwenye mto wenye meli nyingi nahodha hasubiri mtu, kwa sababu gati lake lina meli nyingine inayolingojea.

Umefaulu ikiwa umeiandika saa ya kurudi kwa wino, kwa hesabu moja, na kila mtu wa kundi lako anaisema sawasawa.

## Hatua ya 2: Chagua ngome moja

Karibu na Koblenz kuna tatu zinazowezekana.

Marksburg, iko juu ya mji mdogo wa Braubach, kama kilomita 12 kusini. Ni ngome pekee ya mlimani katika eneo hili la Rhine ambayo haikuwahi kubomolewa. Majirani zake wengi walivunjwa na majeshi ya Ufaransa, hasa mwaka 1689, wakabaki magofu au wakajengwa upya karne ya 19 kwa mtindo wa kujipamba. Ukitaka kujua watu wa zama za kati walipika wapi, walilala wapi na walijilinda vipi, njoo hapa. Inahitaji magoti mazima.

Ehrenbreitstein, iko ng'ambo ya mto ukitazamana na Koblenz, mita 118 juu ya maji. Ilijengwa na Waprusia (watu wa Prussia, dola la Wajerumani la wakati huo) kati ya 1817 na 1828, baada ya Wafaransa kuilipua ngome ya zamani mwaka 1801. Ni ya kijeshi tupu, kubwa ajabu, na inafikika kwa urahisi. Ukisafiri na mzee, mtoto mdogo au mtu wa kiti cha magurudumu, chagua hii na usijute.

Stolzenfels, kilomita chache kusini ya Koblenz upande wa magharibi. Ilianza kama ngome ya ushuru ya askofu mkuu wa Trier katika karne ya 13, ikachomwa 1689, na mwaka 1823 mji wa Koblenz ukampa gofu hilo mwanamfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm, aliyelijenga upya kuwa kasri la mapumziko. Ni zuri, limejaa samani na bustani. Ila kwa mtu mwenye siku moja mimi ningeliacha, kwa sababu linakuonyesha mfalme wa karne ya 19 alivyoziota zama za kati, si zama zenyewe zilivyokuwa.

Kama kituo chako ni chini ya saa tano, chagua Ehrenbreitstein hata kama moyo uko Marksburg. Chini ya saa tatu, baki mjini na uruke hadi Hatua ya 8.

Tahadhari: meli nyingine hufunga gati Braubach au Boppard badala ya Koblenz, na wakati mwingine hubadilishwa siku hiyo hiyo. Uliza mapokezi jioni ya kuamkia siku ya kituo.

## Hatua ya 3: Panga siku kuanzia mwisho kwenda mwanzo

Hapa ndipo penye tofauti kati ya aliyefaulu na aliyekimbizana. Usianze kwa kuuliza "tutaanza na wapi?" Anza na saa ya kuwa melini, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa meli inayofika 08:00 na kuondoka 15:00, abiria wote wawe ndani 14:30. Umechagua Marksburg kwa treni:

- 14:30 (saa 8:30 mchana): mwisho wa kuingia melini.
- 13:30 (saa 7:30 mchana): wewe uwe umeshafika gatini.
- 13:00 (saa 7:00 mchana): unashuka treni Koblenz Hauptbahnhof, stesheni kuu. Kutoka hapo hadi gatini ni kama nusu saa kwa miguu.
- 12:45 (saa 6:45 mchana): unapanda treni Braubach.
- 12:10 (saa 6:10 mchana): unaanza kushuka kutoka ngomeni.
- 11:00 (saa 5:00 asubuhi): ziara inaanza. Huchukua kama dakika 50.
- 10:40 (saa 4:40 asubuhi): uko dirishani kwa tiketi.
- 10:05 (saa 4:05 asubuhi): umeshuka Braubach, unaanza kupanda.
- 09:50 (saa 3:50 asubuhi): treni inaondoka Koblenz.
- 09:10 (saa 3:10 asubuhi): unatoka gatini.

Dakika za treni hapo juu ni za mfano. Za kweli zitazame kwenye programu siku hiyo. Kinachobaki vilevile ni ile saa moja kati ya 13:30 na 14:30. Treni ya RB10, inayopita ukingo wa mashariki wa Rhine, kwa kawaida huja mara moja kwa saa. Ukiikosa moja, umepoteza saa nzima, na akiba yako ndiyo inayolipa deni hilo. Ukiikata akiba iwe nusu saa ili upate muda wa kununua zawadi, umeshacheza na meli.

Teksi hufika kwa dakika 15 hadi 20 na huondoa presha yote ya treni. Mkiwa wanne mkagawana nauli, si wazo baya. Agiza ya kurudi kabla hujaingia ziarani.

Umefaulu ikiwa karatasi yako ina saa ya kutoka ngomeni na unajua utatoka saa hiyo hata kama bado una hamu.

## Hatua ya 4: Shuka melini kwa utaratibu

Koblenz meli hufungwa ukingoni mwa Rhine, karibu na katikati ya mji. Zikiwa nyingi, hufungwa ubavu kwa ubavu, na wewe unaweza kulazimika kupita ndani ya meli mbili za watu kabla ya kukanyaga nchi kavu. Fanya mambo matatu:

1. Chukua kadi ya kutokea mapokezi na uipitishe kwenye mashine kama wanavyoelekeza. Ndiyo njia ya wahudumu kujua nani yuko nje.
2. Piga picha ya meli yako ikiwa na jina lake, na nyingine ya kibao cha gati.
3. Uliza kama meli itahamishwa wakati mko mjini. Hutokea, hasa gati likijaa.

Tahadhari ya siku: Jumapili karibu maduka yote Ujerumani hufungwa, na Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi. Ngome zina ratiba zake kwa msimu, kwa hiyo angalia tovuti ya ngome uliyochagua kabla ya kununua tiketi ya treni.

## Hatua ya 5: Panda hadi Marksburg

Braubach ni mji wa nyumba za mbao na plasta, vichochoro vya mawe, na ngome imekaa juu yake moja kwa moja. Fuata vibao vilivyoandikwa Marksburg. Njia ya miguu inapanda kwa kasi, dakika 20 hadi 30 kwa mwendo wa kawaida. Usipande kwa pupa, maana ukifika umechoka utashindwa kusikiliza ziara.

Hakuna ruhusa ya kuzunguka peke yako ndani. Unaingia na mtembezaji, kwa msafara. Ziara nyingi ni kwa Kijerumani. Za Kiingereza zina saa zake maalumu, na tovuti ya ngome ndiyo ya kuangalia. Ikiwa saa ya Kiingereza haiendani na meli yako, ingia ya Kijerumani na uombe karatasi ya maelezo kwa lugha unayoimudu. Ukiwa na Hatua ya 6 mkononi utaelewa sehemu kubwa.

Umefaulu ikiwa una tiketi mkononi dakika 15 kabla, umepita chooni, na umesimama karibu na mbele ya msafara. Wa nyuma hubaki kwenye korido wakati mtembezaji anaeleza chumba.

## Hatua ya 6: Ndani ya ngome, tazama haya

Hapa ndipo watu hutoka mikono mitupu. Wanaona kuta, wanaona mavazi ya chuma, wanatoka. Tazama vitu hivi.

Milango. Huingii mara moja. Unapita lango baada ya lango, na njia inajipinda. Adui akivunja la kwanza anajikuta ndani ya kichochoro chembamba, na wenyeji wako juu yake.

Ngazi za farasi. Baada ya malango utakanyaga ngazi pana zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, zisizolingana, ili farasi wapande. Inama uzitazame. Mwamba umelainika katikati kwa karne nyingi za kwato na viatu, na maji ya mvua hutuama kwenye vile vishimo. Pita ukingoni, si katikati.

Mizinga. Iko kwenye ukumbi wazi inaelekea mtoni, na hapa simama ujiulize kwa nini ngome zote hizi zipo. Jibu ni ushuru. Kila kabaila aliyekuwa na kipande cha ukingo alisimamisha mashua za wafanyabiashara na kuzitoza. Marksburg yenyewe ilinunuliwa mwaka 1283 na mabwana wa Katzenelnbogen, ukoo uliojitajirisha kwa ushuru wa Rhine. Ukiujua mto kama barabara yenye vizuizi vya kodi, ramani nzima ya ngome inaeleweka.

Jiko na ghala la mvinyo. Tazama ukubwa wa sehemu ya moto. Jiko ndilo lililokuwa na joto la uhakika wakati wa baridi. Vyumba vingine vingi havikuwa na moto kabisa.

Ukumbi wa chakula na choo chake. Kwenye ukumbi wa juu kuna kichumba kilichojitokeza nje ya ukuta. Hicho ni choo. Kinaning'inia, na kila kitu kilianguka chini nje ya ngome. Kitazame tena ukiwa nje, utaona kinavyotoka kama kisanduku.

Kanisa dogo la Mtakatifu Marko. Ndilo lililoipa ngome jina lake katika karne ya 15. Angalia dari iliyochorwa.

Mnara. Unafikia kama mita 40, na sehemu ya juu ni nyembamba kuliko ya chini. Hapa msomaji aliyewahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa ana faida. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ni fupi, nene, na ina pembe zinazochomoza, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya vita vya mizinga. Marksburg ilianza wakati silaha zilikuwa mishale na mawe, na usalama ulikuwa kwenye kimo. Mnara mrefu mwembamba mbele ya mizinga ni shabaha tu.

Bustani ya mitishamba. Inapandwa mimea ya dawa na jikoni iliyotumika zama za kati, mingine sumu. Usiguse wala kuonja.

Jambo moja zaidi kuhusu kusalimika kwake. Mwaka 1900 ngome hii, iliyokuwa imechakaa, ilinunuliwa na chama cha kuhifadhi ngome za Ujerumani kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla, kikiongozwa na msanifu Bodo Ebhardt. Mwezi Machi 1945 mizinga ya Wamarekani iliipiga kutoka ng'ambo ya mto na kuiharibu vibaya, ikatengenezwa tena. Kwa hiyo "haikuwahi kubomolewa" haina maana kwamba haikuguswa. Mtembezaji atakuonyesha sehemu zilizorudishwa.

Umefaulu ikiwa ukitoka unaweza kumweleza mtu njia ya kutoka lango la kwanza hadi mnara bila kutazama picha.

## Hatua ya 7: Kama umechagua Ehrenbreitstein

Kutoka gatini tembea hadi karibu na kanisa la St. Kastor, utafute kituo kilichoandikwa Seilbahn. Hapo vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya huvuka Rhine hadi ngomeni, mita 890. Vilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya bustani ya 2011 na vikapendwa mno kuondolewa. Kila kimoja hubeba watu 35, na kimoja kina sakafu ya kioo. Ukikitaka, mwombe mhudumu akuache upande wa kukingoja.

Nunua tiketi ya pamoja ya kwenda, kurudi na kuingia ngomeni. Ukinunua ya kwenda peke yake utajikuta kwenye foleni ya pili huko juu wakati umechoka.

Juu, anza na ukingo unaotazama mto, kabla ya makumbusho. Asubuhi jua liko nyuma yako na unaona Mosel na Rhine zikikutana chini, mara nyingi maji yake yakiwa ya rangi mbili. Kisha ingia kwenye kuta. Unene wake ndio habari yenyewe: hapa hakuna mnara mrefu, kuna tabaka za ukuta, mahandaki na matundu ya mizinga. Tenga saa mbili na nusu.

Tahadhari: upepo mkali husimamisha vibehewa. Ikitokea uko juu, kuna lifti ya mshazari na njia ya miguu kuelekea mtaa wa Ehrenbreitstein, kisha utahitaji basi au teksi kuvuka daraja. Ongeza dakika 40 kwenye hesabu yako.

## Hatua ya 8: Nusu saa Deutsches Eck

Hii ni pembe ya nchi kavu kati ya mito miwili, dakika chache kutoka gatini. Kila abiria hupita, hupiga picha ya sanamu ya mpanda farasi, huondoka. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki nasema simama.

Aliye juu ya farasi ni Kaiser Wilhelm I, mfalme mkuu wa Ujerumani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, mtu huyu alitia sahihi hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters madaraka juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mikataba iliyotangulia hati hiyo Peters aliikusanya kwa machifu katika safari ya wiki chache, kwa lugha wasiyoisoma. Historia ya Tanganyika kuwa koloni ina mwanzo wake wa kisheria kwenye kalamu ya huyu unayempiga picha. Huenda kibao cha hapo kisikuambie. Mweleze mwanao.

Sanamu yenyewe imepitia mengi. Ilizinduliwa 1897, ikaangushwa kwa mzinga wa Wamarekani 1945, na kwa miaka mingi kikabaki kitako kitupu kikiwa kumbukumbu ya umoja wa Ujerumani iliyogawanyika. Iliyopo sasa iliwekwa 1993. Karibu yake kuna vipande vitatu vya Ukuta wa Berlin. Panda ngazi za kitako. Juu ndipo unapoona makutano ya mito kwa usawa wa macho.

Ukiwa na hamu zaidi, fahamu kwamba Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ina makao yake makuu mji huu huu, na hazina yake ya picha inatunza mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuipiga picha Vita vya Kwanza vya Dunia upande wetu. Si mahali pa kuingia ukiwa njiani kwenda gatini, lakini picha nyingi zinatazamika mtandaoni. Zitafute kabla ya safari.

## Hatua ya 9: Zilizobaki, zione kwenye sitaha

Ukirudi melini, kazi haijaisha. Ukingoni mwa Rhine kuna vibao vyeupe vyenye namba nyeusi. Ni kilomita, zinazohesabiwa kuanzia daraja la Konstanz. Deutsches Eck iko kwenye 592. Kwa namba hizi hutahitaji kumuuliza mtu "ile ni ngome gani?"

Meli ikipanda mto kuelekea Rüdesheim, namba zinapungua:

- 585, kulia: Stolzenfels, ya rangi ya manjano.
- 580, kushoto: Marksburg.
- 557, kulia: gofu kubwa la Rheinfels, juu ya St. Goar. Lilianzishwa 1245 na ukoo ule ule wa Katzenelnbogen, na Wafaransa wakalilipua mwishoni mwa karne ya 18.
- 555, kushoto: mwamba wa Loreley, mita 132 kwenda juu. Mto hapa ni mwembamba na wenye mkondo mkali. Hadithi ya msichana anayewaponza mabaharia kwa kuimba ina sababu halisi chini ya maji.
- 546, kushoto, mjini Kaub: Pfalzgrafenstein, ngome iliyojengwa kwenye kisiwa katikati ya mto kuanzia 1326 kwa kazi moja tu, kutoza ushuru. Hakuna inayoeleza bonde hili waziwazi kuliko hiyo.

Meli ikiwa inashuka mto, geuza kila kitu: namba zinaongezeka, na kulia inakuwa kushoto.

Kaa mbele upande wa kushoto kutoka St. Goar hadi Kaub, na usishuke kula katikati ya kipande hicho. Kupanda mto meli huenda polepole kuliko kushuka, kwa hiyo anayepanda ana muda zaidi wa kila ngome.

Tahadhari ya maji: pale Kaub ndipo mto huwa na kina kifupi. Oktoba 2018 kipimo chake kilishuka hadi sentimita 25, na meli nyingi zikashindwa kupita. Maji yakipungua, mara nyingi mwishoni mwa kiangazi, kampuni zinaweza kuwahamisha abiria kwa basi. Yakizidi, meli hulazimika kusimama. Kabla ya kulipia safari, soma sehemu ya mkataba inayohusu kina cha maji.

## Meli ikikuacha

Usikimbie ukingoni ukipunga mkono. Piga namba iliyo kwenye ratiba yako, taja jina na chumba, uliza kituo kinachofuata na saa ya kufika.

Kisha nenda stesheni kuu. Ikiwa meli inapanda, ile ile RB10 hukufikisha Rüdesheim kwa kama saa moja, wakati meli bado iko njiani kwa saa kadhaa. Ikiwa inashuka kuelekea Cologne, treni huchukua takriban saa moja pia. Karibu kila mara utaitangulia. Ukifika, nenda gatini moja kwa moja, usizurure mjini.

Kitu pekee kinachogeuza usumbufu huu kuwa tatizo kubwa ni meli kuvuka kwenda nchi nyingine usiku huo nawe pasipoti yako iko mapokezi. Kwa hiyo siku ambayo ratiba inaonyesha mtaamka nchi tofauti, iombe mapokezi asubuhi uibebe, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu.